Jinsi ya Kuchagua Rimoti ya Kurushia Ndege za Mfano: Mwongozo Kamili

Ndege ya kwanza ya povu gumu (kama lile la kufungia televisheni kwenye boksi) haidumu. Itapiga mti, itachimba ardhi kwa pua, itaungwa kwa gundi mpaka izidi uzito, na kabla mwaka haujaisha utakuwa unatafuta nyingine. Kinachobaki ni rimoti. Ninayotumia mimi imeshazika ndege sita na bado inafanya kazi kama siku niliyoitoa kwenye boksi. Ndiyo maana nikimsikia mtu anapanga kumaliza pesa zote kwenye ndege, halafu achukue rimoti yoyote ya bei ya kutupa, humwomba ageuze hesabu: achague rimoti kwanza, ndege itafuata.

Unachonunua hasa

Mafundi hukiita transmita kile kifaa cha mkononi, lakini uwanjani tunasema rimoti, nami nitasema hivyo hivyo. Ukisogeza kijiti, rimoti hutuma mawimbi. Ndani ya ndege kuna kisanduku kidogo kiitwacho risiva, kinachoyapokea na kuziambia servo zigeuke kiasi gani. Servo ni vile vimota vidogo vinavyosukuma sehemu za bawa na mkia. Amri ya mota kuu nayo hupitia risiva hiyo hiyo.

Kabla ya kuelewana, rimoti na risiva huoanishwa. Siku hiyo risiva hukariri namba ya utambulisho ya rimoti yako, na kuanzia hapo haimsikilizi mwingine hata mkiwa watu kumi uwanjani. Tatizo ni kwamba si kila rimoti huoana na kila risiva. Kila kampuni ina lugha yake ya mawimbi, na nyingine zina lugha tatu au nne. Ni kama ndoa zetu: humwoi mtu mmoja, unaoa ukoo. Risiva utakazonunua miaka kumi ijayo zinaamuliwa na rimoti unayonunua leo. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, na ndilo ambalo picha nzuri za madukani hazikuambii.

Karibu rimoti zote mpya za ndege zinatumia masafa ya GHz 2.4, yale yale ya Wi-Fi. Zamani zilitumia MHz 35 huko Ulaya na MHz 72 Marekani, kila mtu na kristali, kipande kinachochagua wimbi la chaneli yake. Wawili wakiwasha chaneli moja kwa wakati mmoja, ndege iliyokuwa angani ilianguka. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2005 Spektrum walipotoa DX6 ya GHz 2.4 kwa ndege ndogo, na siku hizi rimoti huruka zenyewe kutoka sehemu moja ya masafa hadi nyingine bila wewe kugusa kitu. Ukipewa zawadi rimoti ya zamani yenye antena ndefu ya kuvuta, shukuru na uiweke kabatini kama kumbukumbu. Usijifunzie nayo.

Hatua ya 1: Tafuta atakayekufundisha, kisha uulize anashikaje vijiti

Rimoti ya ndege ina vijiti viwili, na mpangilio wake huitwa modi. Katika Modi 2, kijiti cha kushoto hubeba nguvu ya mota na usukani wa mkia. Cha kulia hubeba eleveta, inayoinua na kushusha pua, pamoja na aileroni, zinazoilaza ndege upande. Katika Modi 1, nguvu ya mota iko kulia na eleveta kushoto. Modi 1 ina wenyewe, hasa Japani na Australia, na wanaruka vizuri sana. Lakini Modi 2 ndiyo iliyoenea zaidi duniani, na ndiyo droni nyingi hutoka nayo kiwandani.

Vidole vikishazoea modi moja, kuhamia nyingine ni kama kujifunza kuandika upya kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo fuata modi ya mtu aliye karibu nawe, ili siku mambo yakiharibika angani umpe rimoti naye aiokoe ndege. Kama huna mtu, chukua Modi 2. Wakati wa kuagiza soma mara mbili, kwa sababu wauzaji wengi huweka modi zote mbili kwenye ukurasa mmoja na tofauti ni kubofya mara moja tu.

Ukimpata mwalimu, muulize pia anatumia rimoti ya ukoo gani. Rimoti nyingi zinaweza kuunganishwa mbili, ya mwalimu na ya mwanafunzi, kwa waya au bila waya. Mwalimu akiachia swichi, ndege inarudi mikononi mwake papo hapo. Sijaona njia salama kuliko hiyo ya kujifunza.

Hatua ya 2: Chagua ukoo

Hapa tulia, usiwe na haraka.

FlySky ndio mlango wa bei nafuu. FS-i6X yao hupatikana kwa takriban dola 50 hadi 60 pamoja na risiva, hutumia betri nne za AA zinazouzwa kila duka, na huhifadhi mipangilio ya ndege 20. Lugha yake inaitwa AFHDS 2A. Risiva ya FS-iA6B ina chaneli sita (njia za amri, nitazieleza Hatua ya 3) na antena mbili, na kwa ndege ya kujifunzia inatosha kabisa. Menyu yake ni fupi, na siku utakapotaka mambo ya kina utaona mwisho wake. Hata hivyo wapo watu waliofika mbali nayo, wala usikubali mtu akudharaulie.

Spektrum wana lugha ya DSMX. Sababu kubwa ya kuwachagua ni ndege zenyewe: za HobbyZone na E-flite zenye maandishi BNF kwenye boksi huja na risiva ya DSMX tayari ndani, unaoanisha na kuruka. Kwa mtu asiyependa kuchokonoa nyaya, hiyo ni raha ya kweli. Gharama inakuja baadaye. Risiva yao moja huweza kuuzwa mara tatu au nne ya bei ya FlySky, na ukiwa na ndege tano tofauti hiyo inanunua rimoti nyingine nzima. Angalia pia risiva za zamani za DSM2: rimoti zinazouzwa Ulaya haziongei nazo, kwa hiyo ukiletewa rimoti na ndugu aliye huko, nunua risiva za DSMX tu.

Futaba wa Japani wanaheshimika kwa uimara, na marubani wengi wa mashindano hawataki kingine. Ila ukoo wao ni mmoja wenye matumbo kadhaa: FASST, FASSTest, T-FHSS na S-FHSS ni lugha tofauti. Neno Futaba kwenye risiva halitoshi. Soma jina la lugha, kisha ulilinganishe na lile lililoandikwa kwenye rimoti.

Halafu kuna ExpressLRS, ambayo wengi huiandika ELRS. Hii si mali ya kampuni moja. Ni mradi wa wazi ambao programu yake mtu yeyote anaweza kuipata bure, na kampuni kadhaa, zikiwemo RadioMaster na BetaFPV, hutengeneza vifaa vinavyoelewana. Inatumia chipu za LoRa za Semtech, na mawimbi yake hufika mbali kwa nguvu ndogo. Risiva zake ni nafuu na ndogo, nyingine hazizidi ukucha. Sharti lake ni kwamba namba kuu ya toleo la programu ilingane pande zote mbili. Rimoti yenye toleo la 3 haioani na risiva yenye toleo la 2 mpaka uisasishe kwa kompyuta au simu. Kwa anayependa kujifunza ufundi, hilo ni somo zuri. Kwa anayetaka kuruka Jumamosi hii, linaweza kumkatisha tamaa.

Tofauti na hao wote ni rimoti zenye moduli ya lugha nyingi, ambayo madukani huandikwa 4-in-1. Ndani yake mna chipu nne: A7105 huongea na FlySky, CYRF6936 huongea na Spektrum, CC2500 huongea na FrSky (kampuni nyingine) na Futaba S-FHSS, na NRF24L01 huongea na vindege vingi vidogo vya kuchezea. Hapa ndipo watu wanapopotea. Rimoti moja, kwa mfano RadioMaster Boxer, huuzwa kwa matoleo matatu yanayofanana kwa sura: ya ELRS, ya CC2500, na ya 4-in-1. Kijana mmoja tunayeruka naye aliagiza ya CC2500 kwa sababu ilikuwa pungufu kwa dola chache, ilhali risiva zake zote zilikuwa za FlySky. Alisubiri mzigo mwezi mzima, akaja uwanjani na rimoti nzuri isiyoweza kusema neno moja na ndege yake.

Ushauri wangu ni huu. Kama bajeti ni dola 60 na hakuna mtu karibu wa kumfuata, chukua FS-i6X bila wasiwasi. Kama unaweza kujikusanya mpaka dola 150 au 200, chukua rimoti inayotumia programu ya EdgeTX yenye 4-in-1 ndani na nafasi ya moduli nyuma. TX16S ya RadioMaster ina skrini ya rangi ya inchi 4.3, Boxer ni ndogo na nyepesi zaidi. Siku utakapoitaka ELRS, utachomeka moduli yake mgongoni na hutatupa hata risiva moja uliyonayo. Kama ndege uliyoipenda ni ya BNF na huna hamu ya kuhangaika na menyu, nenda Spektrum ukijua gharama ya risiva.

Vipi zile ndege za RTF, zinazokuja na rimoti yake ndani ya boksi? Zinafaa kuonja. Ila nyingi huja na rimoti yenye chaneli tatu au nne isiyohifadhi mipangilio ya ndege ya pili. Uliza swali moja tu: rimoti hii inaongea lugha gani, na naweza kununua risiva yake peke yake? Muuzaji akishindwa kujibu, tafuta toleo la PNP la ndege hiyo, lenye mota na servo lakini halina risiva, ununue na rimoti yako.

Hatua ya 3: Hesabu chaneli

Kila kitu kinachosogea peke yake kinahitaji chaneli. Mota, eleveta, usukani wa mkia na aileroni ni nne. Ukitenganisha servo za aileroni mbili ni tano, flapu zinaongeza moja au mbili, magurudumu ya kukunja moja, na swichi ya kifaa cha kusawazisha ndege moja. Sita ni kiwango cha chini ninachokubali, nane zinakutosha miaka mingi. Chaneli 16 zikiwepo vizuri, ila usizilipie kama ndizo sababu pekee.

Hatua ya 4: Fungua menyu kabla ya kufungua mkoba

Pakua kijitabu cha rimoti unayoitaka, kisha uhakikishe mambo haya yamo: kugeuza mwelekeo wa servo, kuweka mwisho wa mwendo wa servo, kumbukumbu ya ndege nyingi, viwango viwili vya mwendo wa vijiti, ekspo, na kuchanganya chaneli.

Ekspo hulainisha katikati ya kijiti ili kidole kinachotetemeka kisiirushe ndege kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kwa anayejifunza, asilimia 30 ni mwanzo mzuri. Tahadhari hapa: kwenye Futaba kulainisha ni namba hasi, kwenye Spektrum ni namba chanya. Ukinakili namba za rafiki wa ukoo mwingine bila kubadili alama, utapata ndege kali mara mbili ya ilivyokuwa. Jaribu kwanza chini: sogeza kijiti kidogo, utazame kama eleveta inasogea polepole au inaruka.

Kuchanganya chaneli ni lazima ukitaka siku moja kurusha ndege isiyo na mkia, ambayo servo mbili za bawa hufanya kazi ya aileroni na eleveta kwa pamoja. Hata FS-i6X inaweza. Rimoti nyingi za kuchezea haziwezi.

Telemetria, yaani risiva kuirudishia rimoti habari, naiweka karibu na lazima. Si kwa ajili ya mapambo ya skrini. Kwa habari mbili tu, volti za betri ya ndege na nguvu ya mawimbi, pamoja na sauti ya kukuonya, utaokoa ndege nyingi.

Hatua ya 5: Ishike

Ukipata nafasi ya kushika rimoti ya mtu kabla ya kununua, itumie. Wengine husogeza vijiti kwa ncha ya dole gumba, wengine hubana kwa dole gumba na cha shahada. Rimoti ndogo zenye umbo la kidhibiti cha michezo ya video ni tamu kwa wa kwanza na mateso kwa wa pili.

Kwa sisi tunaoruka karibu na bahari, angalia vijiti vina vihisi vya sumaku. Vijiti vya zamani husuguana ndani, na chumvi na vumbi vikiingia ndege huanza kutikisika yenyewe. Vya sumaku havigusani, hivyo havichakai kwa namna hiyo.

Kuhusu betri, rimoti nyingi husafirishwa bila betri kwa sababu ya masharti ya kusafirisha lithiamu kwa ndege. Kama yako inatumia betri za duara za lithiamu ziitwazo 18650, pima nafasi kabla ya kununua. Zenye kinga ndani huzidi milimita 65, na mara nyingine hazitoshei.

Hatua ya 6: Masafa na sheria

ELRS huuzwa pia kwa masafa ya MHz 868 na 915. Ukiwa Afrika Mashariki, iache ya 915. Toleo hilo limetengenezwa kwa ajili ya Marekani na nchi za upande ule. Hapa kwetu simu za GSM 900 hutumia MHz 880 hadi 915 kutoka kwenye simu kwenda mnarani na 925 hadi 960 kurudi, kwa hiyo utakuwa unapiga kelele katikati ya mazungumzo ya watu, na minara nayo itakupigia kelele. GHz 2.4 inatosha na inabaki.

Kabla ya kuagiza ndege yenyewe, wasiliana na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, kwa sababu nchi zote mbili zina kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani. Ni afadhali kuuliza ukiwa nyumbani kuliko kujieleza forodhani.

Hatua ya 7: Rimoti ikifika

Ing'oe propela ya ndege kwanza. Kila ninachoeleza hapa hufanyika bila propela, hata kama una uhakika, isipokuwa jaribio moja la mwisho nitakalolitaja.

Oanisha kwa kufuata kijitabu. Kisha jizoeze utaratibu huu mpaka uwe tabia: rimoti huwashwa kwanza, ndege baadaye, ndege huzimwa kwanza, rimoti mwisho. Ndege isibaki hata dakika moja ina umeme bila rimoti.

Sasa weka kinga ya kupoteza mawimbi, ambayo wengi huiita felisefu. Ni maagizo unayoiachia risiva: usiponisikia, fanya hivi. Kwa ndege ya kujifunzia maagizo ni mota izime, usukani ukae katikati. Risiva nyingine zikitoka kiwandani hushikilia amri ya mwisho zilizoipata. Rafiki yangu alijua hilo kwa uchungu katika ufukwe mmoja kaskazini mwa Dar es Salaam. Betri ya rimoti yake ililegea mota ikiwa nusu ya nguvu, na ndege aliyoijenga kwa miezi miwili ikaendelea na nusu ile ile, ikavuka minazi, ikaelekea baharini hadi tukaacha kuisikia. Tulikaa tukitazama upande ule muda mrefu. Hakukuwa na la kufanya, na lingezuiwa na dakika mbili za kubofya menyu. Baada ya kuweka, hakikisha: washa vyote, pandisha mota kidogo, kisha uzime rimoti kwa makusudi. Mota lazima isimame. Isiposimama, usiruke.

Antena za risiva nazo zina adabu yake. Katika risiva nyingi sehemu inayopokea ni ile ncha iliyovuliwa ganda, kama milimita 31, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi la GHz 2.4. Usiikate wala kuikunja. Kama ni mbili, zitengeneze pembe mraba, mbali na betri, mota na kaboni. Povu halizuii mawimbi, kaboni huyazuia. Upande wa rimoti, usielekeze ncha ya antena kwenye ndege kama unamwonyesha mtu kidole, kwani nguvu ndogo kabisa hutoka nchani. Ilaze ili ubavu wake ndio utazame ndege.

Mwisho ni kupima mawimbi yanafika umbali gani. Rimoti nyingi zina hali maalumu inayopunguza nguvu ya mawimbi. Iwashe, mwachie mwenzako aishike ndege, tembea hatua 30 huku ukisogeza vijiti. Kila servo ifuate bila kusita. Rudia ndege ikigeuzwa pande zote, kisha mara moja mota ikiunguruma, na hapo ndipo propela inarudi, ndege ikiwa imeshikwa imara kutoka nyuma. Rimoti yako ikiwa haina hali hiyo, tembea kwa nguvu ya kawaida mpaka mbali kuliko utakakoruka. Ndege yenye mabawa ya mita 1.2 ikifika mita 400 hutajua tena inakuja au inakwenda, kwa hiyo ukithibitisha mita 500 umejipa nafasi.

Wakati huo huo anza kuruka ndani ya kompyuta. Rimoti za EdgeTX huchomekwa kwa waya wa USB na kusomeka kama kidhibiti cha michezo, FlySky huhitaji kebo ya ziada isiyo ghali. PicaSim ni simuleta ya bure, RealFlight ya kulipia. Shika rimoti ile ile utakayokwenda nayo uwanjani, irudishe ndege ikikuelekea uso kwa uso, maana hapo kushoto na kulia hugeuka na ndipo wengi huvunja. Ukiweza kutua mara kumi mfululizo kwenye skrini bila kuvunja kitu, mpigie simu mwalimu wako mpange asubuhi moja mapema, kabla upepo haujaamka.